Bokoboko Lililoficha Kongosho la Wifi

Ibra, Omani, 3 Februari 2024

Wifi yangu Shukriya,

Sabalkheri, na kama barua imekufikia jioni basi masalkheri, ujichagulie mwenyewe. Sisi huku wazima. Kaka yako Harub goti lake linalia kama mlango wa ghala, lakini ulimi haujambo, jana kagombana na redio. Mbuzi kazaa mapacha, wote majike. Mimi nimenenepa kidogo, watu wanasema imenipendeza.

Unaniuliza kwa nini sikwandikii kwenye simu kama wenzetu. Wifi, kwenye lile kundi la ukoo nikipiga chafya, wa Nizwa ananiombea rehema na wa Jalan ananiuliza nimekula nini. Barua ya Kiswahili ndiyo yenye stara. Watoto wetu hawa Kiswahili wanakisikia, kukisoma wanapapasa. Na Humoud gari lake la samaki linakwenda huko Sur na kurudi, basi barua ikinuka jodari kidogo si neno.

Sasa nikae vizuri nikwambie ya Basma. Sijisifu, unanijua. Lakini mwanangu amerudi kutoka masomoni ng'ambo, na pale hospitali Nizwa wamempa chumba chake na mlango una jina lake, Daktari Basma bint Harub, nimeupiga picha ule mlango. Kazi yake kuangalia kongosho. Mimi nilikuwa hata sijui kama ninalo. Kumbe liko nyuma ya mfuko wa chakula, limejibanza kama mke wa pili ambaye wa kwanza hajaambiwa. Wengine wakiweka ile mashine ya ultrasaundi juu ya tumbo wanaona ukungu tu. Basma anaona. Na amesomea mpira mwembamba unaopita kinywani mpaka tumboni, nchani una ultrasaundi ndogo kama kidole, unalipigia kongosho hodi kwa karibu. Anatafuta vivimbe vya nadra, vile ambavyo daktari anaweza kustaafu asikione hata kimoja. Jumatano sokoni, kule kwenye soko letu la wanawake, nimewaeleza wote. Muuza buibui kaniambia, "Bi Mahbouba, leo umekuja kununua au kuhutubia?" Nikamwambia vyote viwili.

Haya, na mimi nina la kuuliza. Humoud kaniambia ulianguka kwenye arusi. Kweli? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Wako anayekukumbuka kila akipika,
Mahbouba


Sur, 2 Machi 2024

Wifi Mahbouba,

Salamu zako zimefika zimeganda barafu. Humoud aliisahau barua chini ya sanduku la nguru, nimeianika juu ya kamba na nguo za wajukuu ndipo ikasomeka. Sisi wazima. Muatasim wangu kapandishwa cheo bandarini, sasa ana watu wa kuwaamrisha, na nyumbani anaamrishwa na mkewe, Nada. Nada kajifungua wa tatu, msichana, ana pua yangu. Nada hakuwa na haraka ya kusoma ng'ambo, alhamdulillahi.

Mlango wa Basma nimefurahi kuusikia. Mpe salamu, kama anakumbuka kuwa ana shangazi.

Ama kuanguka, sikuanguka. Nilikaa chini bila ya kukusudia. Imenitokea mara kadhaa, khasa alfajiri kabla sijatia kitu kinywani. Mikono inatetemeka, jasho linanitoka kama niliye jikoni, nikitazama mlango naona miwili. Ni jicho tu, wifi. Tangu Muatasim apande cheo watu wananitazama. Bi Tahira jirani yangu ananitengenezea kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani, anaosha kwa maji ya waridi na kutia asali ya mlimani, vijiko viwili vitatu vizuri. Nikinywa tu, hata sahani haijakauka, nimesimama. Watu wameona kwa macho yao. Sasa wanatoka mpaka Jalan kuja kumtaka kombe Bi Tahira.

Na usiku nalala na kikopo cha halwa chini ya mto, nikishtuka nala vidole viwili, napata usingizi. Basi. Usiyakuze.

Nguo zimenibana zote. Nadhani ni uzee.

Wifi yako,
Shukriya


Ibra, 8 Machi 2024

Wifi mpenzi, mwenye pua yake na ya mjukuu,

Mwezi mtukufu uko mlangoni, tunasameheana mapema. Pokea na debe la tende, za chini ndiyo nzuri, za juu nimeweka za kumlaghai Humoud.

Barua yako ilinichekesha, nikamsomea Basma tukiwa tunakunywa kahawa. Nilimsomea ya kukaa chini bila ya kukusudia, nikacheka peke yangu. Yeye akaweka kikombe chini. Akasema, "Mama, soma tena pale pa asali."

Sasa nina maswali, na ninayeuliza ni mimi, si Basma. Je, inakujia ukiwa na njaa tu? Je, inaondoka kila ukila kitamu? Je, umenenepa tangu ilipoanza? Na je, kuna wakati unasema maneno halafu huyakumbuki?

Basi ni Basma. Siwezi kukudanganya, nimejaribu mpaka mstari wa pili.

Anasema hivi, nami nakwandikia kama nilivyomwelewa. Kongosho ndilo linalotoa insulini, ile dawa ya mwilini inayoshusha sukari. Mara moja kwa nadra kabisa kunaota juu yake kivimbe kidogo, na chenyewe kinamwaga insulini usiku na mchana bila kuulizwa, kama bomba la mskitini lililoachwa na watoto. Sukari inakimbia, mtu anatetemeka, anaona viwili viwili, anaweza kuzimia asiamke. Akila halwa anafufuka. Wifi, nikamwambia lakini kombe limemsaidia. Akasema, "Dua ni dua, mama, siigusi. Lakini asali ni sukari." Akasema kivimbe hiki aghalabu si kile kibaya, kikionekana kikatolewa mtu anapona. Kisipoonekana ndiyo hatari.

Kuonekana kwenyewe ndiyo kazi ya mwanangu. Katika Sharqiyah yetu nzima, Ibra mpaka Sur, nani mwingine ana wifi mwenye binti wa kazi hiyo?

Anakuomba usifunge mpaka akuone. Nimeandika anakuomba, kwa sababu ndivyo alivyosema, kwa adabu.

Najua la posa. Miaka imepita, na hujakanyaga kwangu tangu siku ile. Sisemi kitu. Nasema tu godoro la chumba cha wageni nimelibadilisha.

Mahbouba


Sur, 27 Aprili 2024

Wifi,

Idi yenu ilikuwaje? Yetu nzuri. Tende za chini zilikuwa nzuri kweli, Humoud kala za juu.

Nilifunga. Usianze. Mwezi nimeumaliza kwa daku la halwa na mkate wa ufuta, na kama mchana niliona milango miwili nilipita katikati. Kisha nikasema nifunge na sita za baada ya Idi, maana sijaacha sita tangu nivunje ungo.

Siku ya nne walikuja wageni baada ya alasiri, na mmoja wao ni mke wa sheikh wetu. Sasa haya nimehadithiwa, mimi sina habari nayo. Nimemwambia mke wa sheikh kuwa halwa yake ya Idi ilikuwa imeungua, kuwa imeungua miaka yote, na kuwa sheikh anaila kwa subira ndiyo maana anaheshimika. Halafu nikamvua saa mkononi nikasema ni yangu. Nada ndiye aliyenipaka asali kwenye ufizi. Nilipozinduka nimekaa na saa ya watu mkononi, wageni wote wananitazama, na mke wa sheikh analia.

Nimekwenda kumwomba radhi. Kaniambia kweli huwa inaungua. Lakini nimeaibika, wifi, sijapata.

Maswali yako manne jibu lake ni ndiyo yote. Umefurahi?

Lakini kwa Basma siendi. Nitaenda vipi nikalale kitandani nimefunua tumbo langu mbele ya msichana niliyekuja kumposea mwanangu, na sahani saba za posa, na akasema hapana? Siku ile nilirudi Sur na sahani zangu zote zimejaa. Aniangalie na ndani tena? Wacha niendelee na kombe.

Shukriya


Ibra, 1 Mei 2024

Shukriya,

Leo sina salamu, zimo zilizobaki kwenye barua ya zamani.

Njoo. Kama hutaki kumwambia Muatasim, Humoud anapita Jumatano. Utakaa mbele na yeye, samaki watakaa nyuma. Utalala kwangu, asubuhi kaka yako atakupeleka Nizwa. Basma kasema usile kitu kuanzia usiku, kuna kidude cha kuchoma kidole nitakuwa nakupima, na ukitetemeka nikupe juisi kidogo ya tufaha, basi.

Nilimsomea la sahani saba. Akasema, "Mwambie shangazi, mimi nilimkataa Muatasim, sikumkataa yeye. Yeye asinikatae mimi."

Usipokuja nitakuja mimi, na nitakaa mwezi, na unajua ninavyokoroma.

M.


Sur, 25 Mei 2024

Wifi Mahbouba, mama wa daktari,

Natumai barua hii inakukuta umekaa, kwa sababu nataka uisome polepole. Hakuna kitu. Kongosho langu safi. Binti yako kaniangalia muda mrefu mpaka shingo ikamuuma, kanipaka mafuta ya baridi tumbo zima kama mtu anayetaka kunikaanga, kanigeuza huku, kanigeuza huku, "samahani shangazi, vuta pumzi shangazi," na mwisho kasema hakuona uvimbe. Na damu yangu ikatoka nzuri, sukari iko mahali pake.

Basi mlango una jina, lakini kivimbe hakuna. Bi Tahira kacheka mpaka kakohoa.

Nitasema la haki ingawa. Ana mikono ya upole. Na alipomaliza kanifuta yale mafuta mwenyewe, hakumwita nesi. Hilo nimeliona.

Ile siri yetu ya asubuhi ile sijaitoa, wala usiitoe. Tuliahidiana mezani.

Mzima wa afya,
Shukriya


Ibra, 29 Mei 2024

Wifi yangu,

Siri imetoka. Haikutoka kinywani mwangu, imetoka tumboni mwako.

Basma kanipigia simu. "Mama, shangazi alikula nini asubuhi ile?"
Nikasema, "Hakula."
"Mama."
"Juisi ya tufaha."
"Mama, mimi sikuliona kongosho la shangazi. Nimeliona bokoboko lako."

Wifi, hapo nimekamatwa. Lakini nifanyeje? Umeingia nyumbani kwangu baada ya miaka yote ile, umelala kwenye godoro langu jipya, halafu alfajiri nikutoe mlangoni na tumbo tupu kama mtu aliyekuja kudai? Kahawa bila ya kitu? Ingesemwa nini Sur? Na wewe ulikuwa umeanza kutetemeka, juisi peke yake mezani ikanitia haya, nikaleta bokoboko kidogo la ngano na nyama, na samli, na mayai, na chapati, maana bokoboko halitoki peke yake, na ile halwa ya Nizwa. Na wewe ulikula vizuri, Mungu akubariki, ukaniambia mkono wangu haujabadilika. Nilifurahi mno siku ile. Nilifurahi hata nikasahau tulikuwa tunakwenda wapi.

Kumbe tumbo likijaa chakula na hewa, ultrasaundi haipiti, inagonga bokoboko inarudi. Na sukari yako ilitoka nzuri kwa sababu nilikuwa nimeshakushibisha. Basma hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, umemficha adui kwa mikono yako miwili." Nikalia, halafu nikacheka, halafu nikamwambia baba yake, "Umeona mtoto wetu, bokoboko alilolila mtu Ibra yeye analitambua Nizwa." Hilo huwezi kunizuia nisijisifie.

Sasa sikiliza. Anataka ulazwe Maskati, kule anakokwenda kufanya kazi ya ule mpira. Watakufungisha wenyewe, na manesi wanakupima saa zote, wanataka sukari ianguke mbele ya macho yao wachukue damu. Kisha utalazwa usingizi mpira upite. Muatasim nimeshamwambia. Ndiyo, nimemwambia, niadhibu ukipona.

Mimi sitakuja mpaka waniite. Funguo za jiko nimemkabidhi kaka yako na anazo mfukoni.

Nakuomba, wifi. Hii si kujisifu. Naogopa.

Mahbouba


Maskati, 20 Julai 2024

Mahbouba,

Nakwandikia ingawa jana ulikuwa umekaa hapa ukingoni mwa kitanda. Mbele ya kaka yangu sikuweza kuyasema, na wewe hukuniachia nafasi, ulikuwa unamweleza nesi mlango wa Basma.

Walinifungisha. Mara hii hakukuwa na bokoboko, nesi alinilinda kama mfungwa. Hata siku ya kwanza haijamalizika vizuri nikaanza. Wanasema nilimwambia daktari mkubwa, Mhindi, bwana mzima wa heshima zake, kuwa amechelewa kuleta maji na kuwa kilemba hakimkai. Hakuwa na kilemba. Wakachukua damu, wakanitia sukari kwenye mshipa, nikarudi duniani, na yule daktari anacheka, anasema, "Mama, umetusaidia sana."

Ya mpira sijui kitu, nilikuwa usingizini. Basma alikuja baadaye kunionyesha picha. Kijivu kijivu, kama mawingu ya mvua. Akaniwekea kidole, "Hiki hapa, shangazi." Doa jeusi, duara, ukingo wake laini, si kubwa kuliko njegere, kwenye mkia wa kongosho. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamuuliza, "Umelia?" Akasema, "Kidogo, mwanzo mashine ilipokuwa haikioni." Amekwambia hilo? Najua hakukwambia.

Wamekitoa. Kimepimwa, si kibaya. Jeraha linawasha, na chakula cha hapa hakina chumvi wala adabu.

Lakini juzi usiku nililala mpaka asubuhi. Hakuna halwa chini ya mto. Nilipoamka nilitazama mlango. Ulikuwa mmoja.

Nikalala pale nikawaza. Ile siku ya sahani saba nilimwombea Basma mabaya kidogo, si sana, mabaya ya shangazi. Angesema ndiyo, wifi yangu, angekuwa Sur saa hizi anapika na kulea, na mimi ningekuwa nimeshazikwa na kombe mkononi. Mwenyezi Mungu alinijibu hapana kwa kinywa cha Basma, mimi nikanuna.

Mwambie hivyo. Au usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Usinipokonye na hili.

Shukriya


Ibra, 2 Oktoba 2024

Wifi yangu mpenzi, wifi wa pekee, mwizi wangu,

Salamu tele. Kaka yako goti lile lile. Mapacha wa mbuzi wameshakuwa wakaidi. Humoud kaleta nguru wako wawili, na kaniambia umepungua, kanzu zako za zamani zinakuingia, na kombe umeacha ila unamtembelea Bi Tahira kwa mazungumzo. Kaniambia na mengine, na leo nimeyahakikisha.

Leo Jumatano nilikwenda sokoni. Nilikuwa nimejiandaa. Tangu Julai nina hadithi ambayo haina mfano, nilikuwa nangoja upone, na wifi yangu alikuwa na kivimbe ambacho wanawake wote wa Ibra wakikusanya matumbo yao hawana. Wao wana sukari ya kupanda, kila nyumba inayo. Sukari ya kushuka ni yetu.

Nimekaa kwa muuza buibui, nikavuta pumzi nianze. Pembeni yangu amekaa mwanamke wa kwenu Sur, simjui, amekuja kununua kanga za binti yake. Kabla sijafungua kinywa yeye kaanza. Wifi, kasema kuna daktari Nizwa, msichana wa watu, ambaye anaona vilivyojificha nyuma ya tumbo. Kasema aliona kitu cha njegere pale ambapo wengine wanaona mawingu. Kasema ana mikono ya upole na anamfuta mgonjwa mwenyewe, hamwiti nesi. Kaeleza mpaka wauza dhahabu wakasimama kusikiliza. Kaeleza vizuri kuliko mimi, nisikufiche.

Muuza buibui akamuuliza, huyo daktari ni wa nani?

Yule mwanamke akasema, "Basma wa Bi Shukriya, wa Sur. Bi Shukriya mwenyewe ndiye anayetuhadithia, kila arusi, kila msiba. Mtoto wake yule, anampenda."

Soko zima likanigeukia mimi. Muuza buibui ananikonyeza, anangoja nilipuke. Na mimi nilikuwa na yote tayari mdomoni, mlango, jina la baba, uchungu wa siku mbili niliomzaa nao.

Kisha nikakukumbuka ulivyorudi Sur na sahani saba zimejaa.

Yule mwanamke akaniuliza, "Mama, na wewe unamjua huyo Basma?"

Nikamwambia, "Namjua kidogo. Mimi ni wifi yake Bi Shukriya."

Ijumaa tunakuja wote, na Basma. Nitaleta bokoboko. Safari hii kula mpaka usione mlango.

Mahbouba